Siku Mbwa Alipozoea

Kila ninaponusa mabibo yaliyooza, yale matunda ya mkorosho, hujikuta nafuta midomo.

Msimu ambao wanunuzi binafsi wa korosho walianza kufika kijijini kwetu Mkunya, mama alileta mtoto wa mbwa wa kulinda korosho zetu ghalani zisiibwe. "Mzoeshe kukaa peke yake," aliniambia. "Akiendelea kulia, namrudisha."

Nikawa namfungia ghalani kidogo kidogo, mwenyewe nimekaa nje ya mlango. Siku ya nne hakulia. Nilifungua kwa furaha, nikakuta amekula mabibo yaliyooza, ameharisha hadi kwenye magunia, na sasa analamba matapishi yake. Akanirukia, akanilamba mdomoni. Nilitema mate, nikampiga teke.

"Amezoea?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Amezoea," nilijibu, nikisugua midomo kwa mchanga.

Kweli, tangu siku ile hakulia nilipoondoka, wala hakunikimbilia niliporudi.