Waling'oa Injini, Wakaacha Dainamo

Nimesoma mpaka darasa la tatu, na leo nina gereji yangu Masuguru ambako wenye vyeti wanakuja kuuliza. Kwa hiyo nisikilizwe. Katika karakana nzima ya shamba la mkonge hakuna aliyelijua behewa la Mjerumani kama mimi. Hakuna!

Lilikuwa behewa linalojiendesha lenyewe, halivutwi. Mjerumani mwenye shamba alilileta kati ya vile vita viwili, likiwa limeshatumika kwao, magurudumu yakasogezwa yakae kwenye reli zetu nyembamba. Mbele chumba cha injini ya dizeli, nyuma viti vya mbao. Lakini injini ile haikugusa magurudumu hata kidogo, na hapo ndipo wasomi walipopotea. Injini ilizungusha dainamo, dainamo ikatoa umeme, umeme ukazungusha mota mbili zilizokaa kwenye ekseli. Dereva hana gia wala klachi. Anazungusha kigurudumu kidogo kama anayefungua bomba, linaondoka taratibu kama bibi harusi. Na kuliwasha hakukuwa na hendeli ya kuzungusha kwa mkono: betri zilipeleka umeme kwenye dainamo hiyohiyo, nayo ikaizungusha injini mpaka ikanguruma.

Haya sikufundishwa na mtu. Uhuru ulinikuta na ufagio mkononi, nafagia huku natazama. Dereva wa zamani alipostaafu nikakaa mimi kwenye kiti. Kila asubuhi niliwapeleka hospitali ya Korogwe wagonjwa wa kambini, wajawazito, watoto wa manamba, wale vibarua wa mkataba, wanaotetemeka homa.

Shamba likataifishwa. Sawa, nilishangilia na ngoma nilicheza. Akaja meneja mpya, kijana mwenye diploma, na siku ya kwanza akajiingiza chini ya behewa na suruali yake nyeupe.

"Gia boksi iko wapi, mzee?"

"Haina, ndugu meneja."

"Kila gari lina gia boksi."

"Basi tafuta. Ukiipata niite, niione kabla sijafa."

Mafundi wakacheka mpaka wakashika meza. Hakunisamehe.

Muda si mrefu kijiji cha ujamaa kule Mazingara kikaomba injini ya mashine ya kusaga. Meneja akaitisha mkutano wa wafanyakazi, akasema behewa ni mabaki ya ukoloni, injini yake ikasage unga wa wananchi.

Nikasimama. "Injini hiyo peke yake haiwaki. Ikienda, iende na dainamo na betri zake. Na wagonjwa wetu wapande nini?"

"Mzee, umeme umesomea wapi?"

"Kwenye behewa hilohilo."

"Ndugu zangu, huyu anakililia kiti chake cha ubwana. Wanaotaka maendeleo wanyooshe mikono!"

Mikono ikapanda. Mama mmoja niliyempeleka Korogwe kujifungua, mkono juu. Na mimi? Hili linanichoma mpaka leo. Mimi nami nilinyoosha! Katibu wa chama alikuwa anapita safu kwa safu na daftari, na siku zile kuandikwa mpinga maendeleo hakukuwa mchezo. Mimi, jogoo wa karakana.

Wakaing'oa kwa minyororo. Dainamo ikabaki pale relini, na kabla ya wiki kwisha wajanja walikuwa wameichuna shaba yote.

Halafu lori la kijiji likaja kunichukua shambani. Nikaikuta injini yangu imefungwa juu ya sementi mpya, bendera pembeni, wanawake wamepanga foleni na madebe ya mahindi. Wanaume walikuwa wameizungushia kamba wakavuta mpaka viganja vikachubuka. Haikukohoa.

"Iwashe, mzee," meneja akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Niiwashe na nini? Na diploma yako?"

Bibi mmoja wa mbele kabisa kwenye foleni akanigeukia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimetoka nyumbani alfajiri na debe hili. Inasaga au haisagi?"

"Haisagi, bibi. Na haitasaga. Waliacha kinachoiwasha."

"Na wewe unayejua, ulikuwa wapi walipoing'oa?"

Meneja alikuwa ananitazama. Matusi yote niliyomtayarishia njia nzima kutoka shambani nikayaacha.

"Nilikuwepo, bibi," nikasema.

Akaniangalia kidogo, akajitwisha debe lake, akarudi kwake kutwanga.