Mafuta ya Nazi kwenye Matairi ya Baba

Jumamosi asubuhi baba hakuwa wa mtu. Akishamaliza chai, alipindua baiskeli yake ya mbio juu ya gunia, uani kwetu Kipawa, akaanza kuyahudumia yale matairi mawili membamba. Mama aliiita baiskeli ile mke mwenzie, na hakuwa akitania sana.

Baba alikuwa mwalimu, na ndiyo aliyoiendesha kwenda shuleni. Matairi ya namna ile hayakupatikana kirahisi, hivyo aliyatunza kuliko viatu vyake. Kwa pini ya nywele ya mama alichokoa vipande vya chupa kimoja kimoja kabla havijazama. Alijaza upepo, akabonyeza kwa dole gumba, akaongeza kidogo. Kila baada ya miezi kadhaa la mbele lilihamia nyuma na la nyuma mbele, maana la nyuma ndilo hubeba mtu, nalo huliwa upesi. Mimi, bintiye wa mwisho, nilikuwa mshika pini. Sijapata tena kazi yenye cheo kama ile.

Krismasi moja mama alitupaka mafuta ya nazi miguuni, kama kila tulipokwenda kanisani, kwani mtoto mwenye miguu iliyopauka ni aibu ya nyumba nzima. Nikayatazama matairi ya baba. Yamepauka, maskini! Nikayaonea huruma, nikayapaka yote mawili mpaka yakang'aa.

Baba akatangulia na suti yake. Kwenye kona ya kwanza tu baiskeli ikateleza, akaangukia goti la kulia mbele ya majirani. Yeye akawaambia watu ni mchanga, na mie nikaushikilia mchanga huo miaka yote. Jumamosi iliyofuata aliyaosha matairi kwa maji ya sabuni, akasema bila kunitazama kwamba mpira hutaka usafi na kivuli, basi.

Siku hizi baiskeli iko kwangu Tegeta, na baba pia. Naitunza kama alivyonifunza, na matairi yanadumu hadi fundi wangu ananilalamikia. Baba haendeshi tena; goti lile limekataa. Kila nikimwona anashika ukuta ili asimame, naumia. Nimekuwa mtu mzima, nina mvi zangu, na bado naogopa kukiri kosa la mtoto.

Jumapili iliyopita, kabla ya kanisa, nilipiga magoti nikampaka mafuta miguu, maana ngozi yake imekuwa kavu mno. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Nikapaka goti lile polepole, nikashuka mpaka kwenye unyayo. Hapo akauvuta mguu.

"Huko chini acha, mama," akasema, akicheka taratibu. "Ulishanipaka Krismasi ile. Inatosha."