Tuta la Kushushia Mizigo

Kwenye njia panda ya mji wetu wa Butembo, pale barabara ya Beni inapokutana na ile ya sokoni, zamani palikuwa na tuta la udongo lenye kufika kiunoni. Bibi zetu ndio walilijenga. Mwanamke akitoka shambani na kitunga cha mihogo mgongoni, ukanda wake umekaza kwenye paji la uso, aligeuka, akaegemeza kitunga juu ya tuta, akavua ukanda. Ndipo aliponyoosha shingo, akasalimia wenzake, akaangalia barabara huku na huku. Kisha alivaa ukanda tena na kuvuka. Anayebeba namna hiyo huona vidole vya miguu yake na hatua chache mbele. Shingo haigeuki. Kwetu hata mtoto anajua.

Waliokuja kutengeneza njia panda hawakujua, na hawakuuliza.

Ilikuwa baada ya uhuru, waasi walipokwisha kupita na jeshi kurudi. Kamio, yale malori makubwa, zilikuwa nyingi: za kahawa, za askari, za abiria waliokaa juu ya magunia. Zilifungana hapo na baiskeli na watu wa miguu asubuhi nzima. Kusema kweli, palihitaji kutengenezwa, na mimi nilifurahi. Shefu wa barabara, mkubwa wa kazi hiyo, mtu wa jimbo lingine aliyetumwa na serikali, alitukusanya mbele ya kanisa akatueleza. Katikati patakuwa na rond-point, mviringo wa mawe, kamio ziuzunguke. Pembeni kijia cha baiskeli, nje yake kijia cha watu wa miguu, na mahali pa kamio za abiria kusimama. Tulipiga makofi. Kesho yake walianza kwa kubomoa tuta, kwa sababu kijia cha baiskeli kilipita hapo.

Wamama walimwendea shefu kulidai tuta lao, mke wangu akiwa kati yao. Aliwajibu kwa upole kwamba mji si shamba, mizigo ishushwe sokoni. Mtu akitaka kuvuka aangalie kushoto, halafu kuume, basi. Aliagiza tufundishwe hata kanisani. Jumapili mwalimu wa dini alitusimamisha, wote tukageuza vichwa kushoto, kuume, kama kuku waliosikia mwewe.

Njiani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. «Baba,» aliniambia, «kichwa iko na kamba. Ule shefu anataka nigeuze nini, matako?»

Nilicheka naye.

Kamio ya askari ilimgonga msimu uleule, kitunga kimejaa. Dereva alizunguka mviringo kwa kasi, maana sasa njia ilikuwa nzuri. Waliokuwapo walisema mke wangu alisimama kidogo ukingoni, akageuka, akapapasa nyuma kwa mkono akitafuta mahali pa kuegemeza mzigo. Mkono ukakosa. Akaendelea. Huo mkono nimeufikiria maisha yangu yote.

Shefu alikuja matangani. Nitasema haki yake: alikuja kwa miguu, alivua kofia, alikaa chini pamoja nasi. Halafu akasema mbele ya watu wote:

«Pole, baba. Lakini mama hakuangalia.»

Sikumpiga. Kanisa lilinifundisha hivyo, na askari waliomsindikiza walikuwa mlangoni. Sijui ni kipi kilinizuia zaidi. Niliingia ndani nikatoa kitunga cha marehemu, bado kina mihogo iliyookotwa barabarani, nikakiweka mbele yake.

«Vaa, shefu,» nikasema. «Halafu uangalie kushoto.»

Alitazama ukanda, akavaa kofia yake, akaondoka. Nje aliwaambia watu kwamba huzuni imeniharibu akili.

Siku ya kumaliza matanga kiwanja hufagiwa na majivu ya moto wa kilio hutupwa. Siku hiyo wanawake walikuja na vitunga vitupu. Hakuna aliyewatuma. Walipakia majivu na takataka za kiwanja, wakaongeza udongo wa nyuma ya nyumba, wakavaa kanda zao wakashuka njia panda. Mimi nilifuata na jembe. Walimwaga yote palepale pa zamani, juu ya kijia cha baiskeli, nasi tukashindilia. Mwenye baiskeli mmoja alianza kututukana, akaona tumevaa nguo za kilio, akapita pembeni. Askari aliyelinda njia panda naye hakuthubutu kufukuza watu wa matanga.

Shefu alituma vibarua wabomoe. Wake za vibarua walikuwa kati ya waliomwaga udongo. Vibarua walikwangua kidogo ukingoni, wakarudisha majembe.

Baadaye shefu alihamishiwa Beni. Tuta lipo, na wamama hushusha mizigo juu yake. Siku hizi nasikia watu wakimsifu: alitupa njia panda nzuri, alifikiria kamio, baiskeli, watu wa miguu, hata akawawekea wamama mahali pa kupumzika.

Nawaacha waseme hivyo barabarani. Nyumbani kwangu, hapana.