Matanga Bila Maiti

Kanga mpya ina harufu yake. Si marashi wala udi, ni ile harufu kali ya wanga na rangi inayokaa kwenye kitambaa mpaka kiloe maji mara ya kwanza. Juzi mjukuu wangu aliniletea doti kutoka dukani hapa Dunda, Bagamoyo, nami kabla hata ya kushukuru nikaipeleka puani. Akacheka, akaniuliza kama naona imechacha. Nilikuwa nimeshaondoka, nipo uani kwa bibi mzaa mama, siku zile za kuungojea uhuru, mtoto wa mapengo.

Mniwie radhi nikizunguka. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kuhurumiwa. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu.

Bibi yangu, Bi Tatu, alikuwa mkuu wa chama cha lelemama kilichoitwa Nyota. Ninyi wa sasa mkisikia chama mnafikiria kura. Kile kilikuwa chama cha ngoma: wanawake wenye sare, wamejipanga mstari, wanagonga pembe za nyati na kuimba kwa madaha. Upande wa Mtaa wa India kulikuwa na chama cha pili, Hilali, mkuu wake Bi Salha, mwanamke mrefu wa ukoo wa Kiarabu, mumewe mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu za mafuta. Nyota walivaa njano, Hilali zambarau. Hawakupikiana, hawakuozana, hawakuazimana hata chumvi. Hilali waliimba kwamba Bi Tatu ana miguu ya mwiko. Nyota wakajibu kwamba Bi Salha hata akichemsha maji yanaungua. Sisi watoto tukiziimba nyimbo hizo njiani tulichapwa, halafu aliyetuchapa utamsikia anaimba zile zile jikoni.

Basi zikaja habari kwamba kiongozi mkubwa wa wadai uhuru angefika Bagamoyo, apite Mtaa wa India kwa miguu mpaka uwanjani. Katibu wao hapa mjini, kijana mwenye suruali iliyonyooka kwa pasi, akamwambia Bibi kwamba Nyota peke yao ndio watakaompokea mgeni. Hilali waachwe. Waume zao wengi hawakuwa na kadi ya wadai uhuru, na vijana walikuwa wakinong'ona kwamba watu wa mtaa ule si wenzetu, wangoje meli ya kuwarudisha kwao. Maneno hayo yakamfikia Bi Salha. Akaapa kwamba siku hiyo mtaa mzima utafunga milango na madirisha, mgeni apite akitazamana na mbao.

Bibi alifurahi, sitawadanganya. Kutwa nzima alitembea kama mtu aliyeolewa upya. Lakini alasiri nilimkuta juu ya mbuzi anakuna nazi ambayo nyama yake imekwisha, anakwangua kifuu. Babu akamuuliza kama leo tunakula mbao. Bibi akasema, "Watakaofunga milango ndio nitakaoamka nao kesho yake. Uhuru wa nusu ya mji ni uhuru gani?"

Shida ilikuwa namna ya kuonana. Bibi angekwenda kwa Bi Salha, Hilali wangemtungia wimbo wa kuzikwa nao. Bi Salha naye asingethubutu kuja kwetu. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mahasimu waliruhusiwa kutembeleana, napo ni msibani. Usipokwenda kwa mwenzio, siku yako maiti yako itabebwa na nani? Bibi alipenda kusema, "Penye matanga haiulizwi rangi ya kanga."

Asubuhi moja nikaamka nikakuta vitanda viko nje, mikeka imetandikwa nyumba nzima, kahawa chungu inachemka, na wanawake wa Nyota wamekaa kimya wamejitanda. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Nikawapitia jamaa zangu kichwani mmoja mmoja, nikaona ambaye hayupo ni mjomba wa Lugoba. Basi nikamlilia mjomba. Nikagaragara kwa ufundi wote, hata majirani waliopita kuuliza wakaamini, wakapeleka habari mbele. Kesho yake mjomba akashuka kwenye basi analia kunishinda mimi, anauliza nani kafa. Nikamwambia, "Wewe." Lakini hilo ni la kesho yake, nimelitanguliza.

Mwalimu wa chuo cha Kurani naye alipita, akaona hakuna sanda wala jeneza, akanung'unika kwamba kifo hakichezewi. Bibi akamwomba amvumilie mpaka adhuhuri.

Adhuhuri haijafika, Bi Salha akaingia na Hilali wake nyuma, buibui tupu. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba na kunishika kichwa kwa huruma, akidhani mimi yatima.

"Makiwa," akasema.

"Tunayo," Bibi akajibu.

Kahawa ikazunguka. Aliyetoa machozi ni mimi peke yangu. Mwishowe Bi Salha akamwinamia Bibi, akauliza taratibu, "Bi Tatu, nani kafa? Mbona sioni wanaume wakienda kuchimba?"

"Mkoloni," Bibi akasema. "Yumo anakata roho. Lakini jeneza lake zito, shoga. Watu wangu hawatoshi kulibeba."

Bi Salha akautazama mlango. Angeinuka pale, mambo yangekuwa yamekwisha, na hadithi ya Bi Tatu aliyezua msiba ingeimbwa mpaka Kaole. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani naye anamlilia mjomba. Kumbe anacheka.

"Mwanamke mwongo wewe. Umenitoa kwangu hata chai sijanywa."

Wote wakacheka, Nyota na Hilali. Lakini Bi Salha alipofuta macho, uso wake ulikuwa mwingine. "Vijana wako wanasema tungoje meli," akasema. "Mama yangu kazikwa hapa, na mama yake kazikwa hapa. Nikikusaidia kubeba jeneza, kesho hamtaniambia na mimi nimo ndani yake?"

Bibi hakuapa wala hakubembeleza. Alivua kanga ya njano aliyojitanda, akaiweka mapajani mwa Bi Salha, akabaki na ile ya kiunoni. Kwetu doti haigawanywi ovyo. Upande wa pili unampa ndugu wa damu, au shoga wa kufa na kuzikana.

"Atakayekugusa ukiwa umevaa hiyo," Bibi akasema, "kanivua mimi nguo."

Bi Salha aliikunja vizuri, akaipakata. Kisha akaingiza mkono ndani ya buibui, akatoa kanga yake ya zambarau, akampa Bibi.

Msidhani wengine walifuata kama kondoo. Mmoja wa Nyota alisema heri atembee uchi kuliko kuvaa zambarau, na wawili walitupiana maneno kwa sababu kanga ya mmoja ilikuwa imepauka. Katibu alipopata habari akaja juu. Bibi akamwambia, "Mwanangu, kama wataka ngoma ya nusu ya mji, kaicheze wewe."

Mgeni alipokuja, milango ya Mtaa wa India ilikuwa wazi, na wanawake walitoka njano juu zambarau chini, wengine kinyume chake. Ngoma yenyewe, niseme kweli, ilikuwa mbaya. Nyota walizoea mwendo wa haraka, Hilali wa maringo, wakagongana viwiko njia nzima. Mgeni alipiga makofi hata hivyo.

Baada ya uhuru walijaribu kurudia mashindano. Haikuwezekana. Utamtukanaje mtu aliyevaa nusu ya doti yako? Nyimbo zikakosa chumvi, mikutano ikapungua, Nyota ikafa na Hilali ikafa. Watoto tuliona wametuharibia raha. Ilinibidi nizeeke, nami nipewe uenyekiti wa kikundi chetu cha kuzikana na kuonja utamu wa kiti, ndipo nikajua kwamba Bibi alijua atakipoteza chake tangu aliposhika ncha ya ile kanga. Alikuwa malkia wa nusu ya mji, akitembea anashikiwa mwavuli na kubebewa kigoda. Baadaye nilimwona kila alasiri akikibeba kigoda chake mwenyewe, anakwenda kuketi kwa Bi Salha, nikadhani ni uzee tu.