Mama Wilson Amerudisha Mwili

Kama uliwahi kununua kitenge Tukuyu miaka ile ya tisini, mtaa wa Bagamoyo, basi huenda ulipimiwa na Atuganile, mama Wilson. Zamani, enzi za kuitwa mlanguzi, alivusha vitambaa kutoka Malawi kwa kuvizungusha kiunoni chini ya gauni. Ruksa ya biashara ilipokuja akafungua duka, akaweka kiti nyuma ya meza, na kiti hicho ndicho kilichomnenepesha, au ndivyo alivyopenda kusema. Kiti kilisaidiwa na chapati, lakini hilo hakulitaja.

Rungwe mwili si aibu. Mwanamke akijaa, watu husema kwake hakuna shida. Lakini magoti yalimuuma, presha ikapanda, sukari ikafuata, na daktari akamwambia bila kumung'unya maneno: mama yako alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na miwili, na wewe sasa una arobaini na sita. Mdogo wake Ackson, aliyekuwa akifanya kazi migodini Afrika Kusini, akamwita huko mwaka 2003. Madaktari wa huko wakamkata mfuko wa chakula ili apungue, wakabakiza wa kutosha kikombe cha chai. Siku aliyopanda ndege alikuwa na kilo mia na ishirini na nane. Watu aliwaaga kwamba anakwenda kumsalimia mdogo wake, habari za kisu hakumwambia yeyote. Angewaambiaje? Kwamba amekatiwa tiketi ya ndege ili akazuiwe kula, na huku nusu ya wateja wake wanaonja nyama mwisho wa mwezi?

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kama lilikuwa kosa. Maana mwili ulipoanza kuporomoka, watu wa Tukuyu, ambao hawaoni tundu wasichungulie, walijitafutia sababu wenyewe, na miaka ile sababu ya kukonda ilikuwa moja tu. Mama Wilson amekanyaga waya, ana ukimwi. Mume wake alikufa mwaka 1998, lori la viazi lilipopinduka mlimani, na waliombeba siku ile walikuwa bado hai. Hata hivyo ajali ile nayo sasa ikaonekana ya kusingizia. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wanawake wa kanisani wakaanza kumletea maziwa mgando kwa zamu, na ndizi laini zilizopondwa, wakakaa kumtazama akila vijiko vitatu na kuacha. Wakitoka nje walifuta machozi. Yalikuwa machozi ya kweli, maana hawakuwa watu wabaya.

Kwa mwaka mmoja alikuwa mwepesi, na lazima isemwe kwamba aliufurahia. Alipanda hadi shamba la kwao Lufingo bila kukaa chini hata mara moja, akafika akacheka peke yake katikati ya migomba. Ackson alipompigia simu kuuliza kilo, alijibu sabini na sita, na ilikuwa kweli.

Kisha hakuna kilichotokea. Hapakuwa na msiba wala ugomvi wa kulaumu. Alianza kunywa soda dukani mchana kwa sababu ilipita kirahisi. Akazidisha sukari kwenye uji. Chapati akaikata vipande vidogo, akawa anakula kipande kila anapouza kitenge, halafu hata asipouza. Njaa hakuwa nayo, na ladha hakuisikia. Mkono ulikwenda wenyewe na kurudi wenyewe, naye akiangalia mvua barabarani. Daktari wa kule alimwonya kwamba mfuko hutanuka, na kwamba kisu ni nusu tu ya kazi. Nusu ile nyingine aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka jina la kijiji alichopita mara moja. Magauni yakabana. Mizani ndogo aliyopewa na Ackson akaisukuma chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, na simu ilipolia aliendelea kujibu sabini na sita.

Mtaa ukashangilia. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kutolewa bure hospitalini, na watu wakajumlisha moja na moja. "Mama Wilson amerudisha mwili!" Walimshika mikono iliyonenepa, wakamsifu Mungu palepale mlangoni. Yeye alisema ndaga fijo, ahsanteni sana, akarudi kukaa kwenye kiti chake. Alijitafutia moyoni aibu, au hasira, au hata uchungu kidogo, hakukuta kitu.

Asubuhi moja ya mwaka 2006, mvua ikinyesha, Tupokigwe aliingia dukani. Alikuwa jirani, muuza magimbi sokoni, mjane wa miaka thelathini na miwili mwenye watoto wawili. Kitenge alichovaa, alichowahi kununua dukani humo, ambacho zamani kilimzunguka mara moja, sasa kilimzunguka mara mbili. Akaurudishia mlango nyuma yake.

"Ugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Kaa, umelowa."

"Sikai. Nimekuja na swali moja, na unisamehe. Zile dawa, mama. Ni kweli ndizo zilizokurudisha?"

Atuganile akafungua kinywa. Jibu lilikuwa fupi: mwanangu, mimi sikuugua ugonjwa huo, nilikatwa tumbo ili nipungue, na sasa nimenenepa tena.

"Nimepima," Tupokigwe akaendelea kabla hajajibiwa. "Wameniambia nianze. Shemeji yangu alianza, akafa wiki ya tatu. Nikasema siendi, bora nifie kwangu. Halafu jana nikakuona kanisani, mwili umejaa hivyo, nikasema, mwe, huyu naye si alikuwa mifupa? Niambie tu, mama. Kama ni dawa, kesho nakwenda. Kama siyo, naacha, nikae na wanangu hizo siku zilizobaki."

Atuganile alitazama vifundo vya mikono ya Tupokigwe, jinsi mifupa ilivyosimama. Aliwaza wale watoto wawili. Aliwaza pia foleni ya kliniki ya dawa hizo pale hospitalini, iliyokaa barazani, kando ya njia ya kwenda sokoni. Anayeonekana pale hana tena cha kukanusha, na mwanawe Wilson alikuwa akingoja jibu la posa.

"Nipitie kesho saa moja asubuhi," alisema hatimaye. "Tutakwenda wote."

Walikwenda. Benchi lilijaa watu walioinamisha vichwa. Mwalimu wa kwaya akapita na mwavuli, akamwona Atuganile, akamsalimu kwa heshima nyingi kuliko kawaida, akaongeza mwendo. Kabla ya kuingia kwa daktari kila mtu alipimwa uzito hapohapo barazani, na zamu ya Tupokigwe ilipofika, akashika nguzo.

"Siwezi. Mara ya mwisho ilisoma arobaini na moja. Sitaki kujua."

"Panda, dada," nesi alisema, bila ukali.

"Panda wewe kwanza, mama Wilson. Nione."

Miaka miwili Atuganile alikuwa hajakanyaga mizani. Alivua viatu. Akapanda. Nesi yule alikuwa na tabia ya kusoma kwa sauti, ili mwenzake aliyekaa mezani aandike.

"Mia na ishirini na tisa."

Ilikuwa kilo moja zaidi ya siku ile aliyopanda ndege. Barazani mtu akapiga kigelegele, na mwingine akamfuata. Vichwa vilivyoinama vikainuka kumtazama, na Tupokigwe akawa analia na kucheka kwa pamoja.

"Mia na ishirini na tisa! Mungu wangu, hata nusu yake tu unipe!"

Akaiachia nguzo, akapanda mwenyewe bila kushikwa mkono. Thelathini na nane. Hata hakusikiliza. Alichukua kadi yake, akaingia kwa daktari akitembea haraka.

Namba ile ilimuuma Atuganile. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kitu kumuuma, naye hakujua akifanyie nini mbele za watu. Alibaki amesimama peku kwenye saruji ya baridi. Nesi akamsogelea, akapunguza sauti.

"Mama, hizi kilo ni nyingi mno. Lete kadi yako tuziandike."

"Nimeisahau nyumbani," alisema Atuganile. Akavaa viatu, akaenda kukaa kwenye benchi na wenzake, kumngoja Tupokigwe atoke na dawa.