Mgeni Aliyefuta Kikombe cha Séverine

Séverine wa Mwese alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni maharage yake, ambayo harufu yake iliwahi kumwamsha maiti njiani kwenda kuzikwa, akauliza sahani iko wapi. La pili ni woga. Mama huyo aliogopa mvua kabla wingu halijazaliwa. Lakini mwaka ule wa mvua za El Nino, woga wake ulipata kazi ya kweli.

Parokia ilimletea mgeni wa kukaa naye miezi sita: Birgit, mama wa kizungu kutoka Denmark, aliyekuja kujitolea kufundisha watoto wa chekechea. Alikuja na wanawe wawili. Lasse alikuwa bado wa mgongoni, na Signe alikuwa na miaka sita na maswali sitini. Barabara ya kutoka Mpanda ilikuwa imeoza. Shimo moja lilimeza lori Jumatatu, likalitema Ijumaa limeota nyasi. Walifika wamechoka, watoto wameharisha njia nzima.

Séverine akawapokea kama wazee wake walivyopokeana tangu kule Burundi. Akamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, akanywa funda moja mbele ya macho yao, ili mgeni ajue hamna sumu. Ndipo akampa Birgit kikombe kwa mikono miwili.

Birgit alishangaa. Kwao mtu hanywi kwenye kikombe anachompa mgeni. Akatoa kitambaa, akafuta pale midomo ya Séverine ilipogusa. Akanusa. Moshi ukampanda puani, akadhani maziwa yameharibika, akatoka nje akayamwaga taratibu, kwa adabu zote za kwao.

Kufuta, kunusa, kumwaga. Moja tu kati ya hayo latosha watu wasisalimiane mwaka mzima, na yeye aliyafanya yote matatu kwa pumzi moja.

Na nani alikuwa amekaa nje kwenye benchi? Apollinarie, shangazi yake Dieudonne, yule kijana aliyemchumbia Providence, binti pekee wa Séverine. Apollinarie alikuwa na macho ya kuona kiroboto akipiga chafya ng'ambo ya mlima, na ulimi uliowahi kufika kabla ya macho. Kesho yake habari zilikuwa zimefika kijiji cha Sibwesa: mzungu ana mashine ya kunusa sumu ndani ya pua, na kwa Séverine imelia.

"Mimi mrozi, wa kuwatilia watu sumu?" Séverine alimwuliza bintiye.

"Mama, maneno yatapita."

"Ya sumu hayapiti, mwanangu. Binti wa mrozi nani atamwoa? Ampikie nani?"

Kweli, Leonidas, baba yake Dieudonne, alituma ujumbe. Watakuja kula kwa Séverine Jumapili ya tatu, baada ya misa. Wakila, posa ipo. Wasipokula, kila mtu ashike njia yake. Na Séverine kuonja mbele yao kusingefaa kitu, maana Apollinarie alishatangaza kisimani: "Mrozi anatangulia kunywa dawa yake. Aonje mpaka akombe sufuria, mimi hanidanganyi!"

Wiki tatu Séverine hakumeza mate yakafika. Birgit alijipikia chakula chake kwenye jiko la mafuta, maji akiyachemsha mpaka yaombe msamaha. Lakini Signe alihamia jikoni, akaokota Kiswahili upesi kuliko mama yake. Akakaa kwenye kigoda, akitazama viazi vitamu. Mtu gani atatafuna mbele ya mtoto bila kumpa? Séverine alivunja kiazi, akakiuma kwanza, akampa kilichobaki.

"Mama Providence, mbona unakula changu?"

"Sili, naonja. Mwenye chakula anatangulia, ili wewe moyo wako utulie."

Wake Séverine ndio haukutulia. Kila asubuhi alimwita, "Toa ulimi nione," akauchungulia kama mtu anayekagua meno ya mbuzi sokoni. Signe akikohoa, moyo wa Séverine unatumbukia chunguni. Mtoto huyu akiharisha mara moja tu, Providence atazeekea nyumbani.

Siku moja Birgit aliwakuta. Akasimama mlangoni, uso umemwiva, akamtazama mwanawe anavyotafuna. Akaondoka kwenda kuchemsha maji mengine. Nyumba moja, waoga wawili, na kila mmoja anamwogopa mwenzie.

Jumapili ikafika. Séverine akaandaa ugali wa muhogo, maharage, na chungu cha pombe ya mtama chenye mirija yake. Leonidas na dada yake Apollinarie walipoketi, Birgit akiwa pembeni, akaonja mbele yao. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Tumeshiba," alisema Apollinarie. "Tumekula njiani."

"Njia ipi, shangazi?" Providence alijibu nyuma ya mlango. "Si imeliwa na mvua?"

"Nyamaza wewe!" Séverine alimkemea, jasho likimtiririka mpaka visigino.

Ndipo Signe alipopenya katikati yao. Akamega tonge, akachovya kwenye maharage, akauma nusu. Nusu nyingine akamnyooshea Leonidas kwa mikono miwili.

"Nimeonja, babu. Moyo wako utulie."

Mzee alikodoa macho. Mkono wake ukaanza kuinuka. Lakini Signe, kwa kuwa kazi ilikuwa imemkolea, akageukia chungu akashika mrija. Birgit akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akampokonya.

"Hapana, Signe! Hapana!"

Mkono wa mzee ukashuka.

"Nyie si mmeona?" Apollinarie alipaza sauti. "Mama mtu anamwokoa mwanawe!"

Birgit aliwatazama mmoja mmoja. Kiswahili chote cha kitabuni kilimtoroka, kikabaki cha kiganja kimoja.

"Pombe... mtoto, hapana," alisema. "Mama, ndiyo."

Akatia mrija mdomoni bila kuufuta. Akavuta. Akavuta mpaka milima ya Mwese ikasogea kuona, na chungu kikakoroma. Kisha akampa Apollinarie mrija uleule, kwa mikono miwili.

Apollinarie aliutazama. Vidole vikaenda kwenye ncha ya kitenge chake.

"Dada," Leonidas alimwambia polepole, "ukiufuta huo, tutaanza kuulizana habari zako."

Apollinarie akaachia kitenge, akanywa. Leonidas naye akachukua lile tonge kwa Signe, akala, akaomba mchuzi.

Waliondoka wamekubaliana siku ya mahari. Lakini unadhani Séverine alipumua? Mgeni wake alikuwa ameegemea ukuta, anaimba kwa lugha ya kwao. Je, asipoamka salama?

Jumatatu, Mwese nzima ilipata sababu ya kupita chekechea, Apollinarie mbele. Birgit alichelewa. Alitokea mwisho, amekumbatia kichwa, rangi ya majivu, Séverine akimfuata nyuma.

"Mama Providence," alisema, "kichwa!"

"Huo ni mtama, mama!" mtu mmoja alicheka. "Hata sie umetupiga!"

Watu wakacheka mpaka watoto wakatoka darasani. Séverine hakucheka. Alimkaribia, akamshika kidevu.

"Toa ulimi nione."

Birgit akautoa, mbele ya watu wote.