Nafasi ya Mwenyeji

Kwa miaka mingi, kila nilipoulizwa nilivyoingia kazi ya ualimu, nilijibu, "Kwa alama zangu," kisha nikageuza mazungumzo haraka. Si kweli. Niliingia kwa nafasi iliyotengewa wenyeji, mimi niliyewahi kusimama kwenye mdahalo wa chuo kikuu na kusema kwamba nafasi za namna hiyo ni mkongojo wa wavivu. Nilipigiwa makofi sana siku ile.

Mwishoni mwa miaka ya tisini serikali ilikuwa imeacha kuajiri walimu kwa wingi. Mpya alichukuliwa pale tu mwingine alipostaafu au kufa, na sisi wenye digrii tukaanza kuulizia afya za walimu wazee kwa upendo usioeleweka. Nafasi zilipopatikana, mahojiano yakaitishwa kwa Migori na Homa Bay pamoja. Nyingine zilikuwa za kushindaniwa kwa alama, na aliyeshinda angeweza kupelekwa wilaya yoyote kati ya hizo mbili. Nyingine zilikuwa za wenyeji, na mwenyeji alibaki kwao bila kuomba uhamisho.

Mimi nilitaka Homa Bay. Ndiko nilikozaliwa, na ndiko mume wangu alikofanya kazi ya ukarani na kukaa chumba cha kupanga. Mimi nilikuwa Suna, wilaya ya Migori, nyumbani kwao, nikipikia jikoni kwa mama yake kama bibi arusi yeyote wa kwetu.

Alama nilijua ninazo. Hata hivyo nilipoona jinsi tulivyokuwa wengi, mdahalo wote ulinitoka kichwani. Nikaenda kwa naibu wa chifu wa kwetu, Homa Bay, kuomba barua ya mwenyeji.

"Dada, wewe umeolewa Migori," akasema. "Hapa siku hizi ni mgeni."

"Lakini nimezaliwa hapa! Baba yangu unamjua."

"Namjua sana. Ng'ombe wa mahari yako nilisaidia kuwafunga."

Nikarudi Suna, nikijiambia heri kazi ya Migori kuliko kukosa kabisa. Naibu wa chifu wa huko alikuja mwenyewe, akakaa uani na kunywa uji wa mama mkwe.

"Nyar Homa Bay," aliniita, yaani binti wa Homa Bay, kama walivyoniita wote ukweni. "Unataka niandike wewe ni wa hapa, na hata jina lako linasema umetoka kwingine." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, huyu ana jiko lake?"

Nikajua nimekwisha. Kwetu bibi arusi hupikia jikoni kwa mama mkwe mpaka siku mama huyo atakapomwekea mafiga yake na kumletea moto. Kabla ya hapo yeye ni mgeni anayeosha vyombo.

"Bado," mama mkwe akasema. Alingoja mgeni wake aondoke ndipo aniulize, "Mwanangu, unataka mafiga au unataka barua?"

"Vyote, mama."

"Mwenye mafiga hahamii chumba cha kupanga mjini akaacha jiko limepoa. Watu watasema nimekufukuza."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kwenda kwenye mahojiano na alama zangu peke yake, kama nilivyowahubiria wenzangu. Nikasema, "Niwekee, mama."

Asubuhi aliniletea moto kwenye kigae, majirani wakapiga vigelegele, na barua ikaandikwa. Mume wangu alipokuja wikendi alilitazama jiko jipya kwa muda.

"Kumbe sasa mimi ndiye nitakayekuwa mgeni wako," akasema. Alicheka peke yake.

Mahojiano yalipita. Namba niliyoacha ilikuwa ya duka la vitambaa mjini Migori, la mzee mmoja wa Kiislamu kutoka pwani ambaye simu yake ilitumiwa na nusu ya mji. Siku moja nikipita sokoni akaniita, "Bibie mwalimu mtarajiwa! Simu yako, na usiizoee!"

Alikuwa mtu wa ofisi ya elimu.

"Madam, hongera. Umechukuliwa."

"Wapi?"

"Muhuru Bay, huko huko Migori. Nafasi ya wenyeji."

"Na alama zangu?"

Nikasikia karatasi zikipinduliwa.

"Zako ndizo za juu kuliko zote, madam. Lakini tulianza na wenye barua, na wewe barua ulileta. Nafasi ya alama imeenda kwa aliyekufuata. Yeye anapelekwa Homa Bay."

"Naweza kuirudisha hiyo barua?"

"Ukiirudisha unaondoka kwenye hii nafasi, na ile nyingine imeshapata mtu. Sasa nikuandikeje?"

Mzee alikuwa ameacha kupima kitambaa cha mteja, mkasi mkononi, ananitazama. Nikageukia ukuta.

"Niandike mwenyeji," nikasema.